Siku yangu mnadani: samaki wa bahari na karatasi zake

Mi kazi yangu ni kusajili mauzo ya kwanza pale samaki wanaposhushwa, yaani ile mara ya kwanza kabisa samaki anatoka mkononi mwa mvuvi kwenda kwa mtu mwingine kwa pesa. Wengi wanadhani sheria ya samaki iko huko baharini tu, nyavu, misimu, tundu la wavu liwe kubwa kiasi gani. Kumbe nyingine nyingi ziko huku nchi kavu, kwenye mzani. Jana ilikuwa ndefu, nikaona niiandike yote.

Saa tisa usiku. Simu inaita, nahodha anasema yuko njiani na ananitajia aina na makadirio ya kilo. Kwa boti ndogo hii sio lazima kila mahali ila mi napenda, inanipa muda wa kupanga. Kwa meli ya kigeni ndo hakuna mchezo, kuna mkataba wa FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2009 ulioanza kufanya kazi tarehe 5 Juni 2016, nchi iliyojiunga inatakiwa kudai taarifa kabla meli haijaingia bandarini, na ikiwa na ushahidi wa kutosha kwamba samaki wamevuliwa kiharamu inaikatalia kuingia au kushusha. Mantiki yake naipenda sana, kwa sababu bahari ni kubwa huwezi kuilinda yote, lakini samaki lazima washuke sehemu fulani.

Saa kumi na moja alfajiri. Boti zinaanza kufika. Kupima ndo kazi yenyewe: samaki anapimwa bila barafu, aina kwa aina, halafu naandika amevuliwa wapi na kwa zana gani. FAO wamegawa bahari za dunia maeneo 19, kila eneo na namba yake, na kila aina ina kifupi cha herufi tatu, jodari wa mapezi ya njano ni YFT, yule wa macho makubwa ni BET. Sasa hawa wawili wakiwa wadogo wanafanana mno, nimeshaona watu wazima wa bahari wanabishana. Nikiwa na shaka naomba apasuliwe mmoja tuangalie ini, la macho makubwa upande wa chini lina mistari mistari, la mapezi ya njano ni laini tu. Inachukua dakika moja na wanunuzi wananung'unika lakini nikiandika vibaya, wanaohesabu samaki waliobaki baharini watahesabu uongo wangu.

Saa moja asubuhi. Mnada unaanza. Kila anayenunua ili akauze awe amesajiliwa, nami nahakikisha namba yake kabla hajataja bei. Sio kila nchi ina utaratibu huu kwa namna ileile, Uingereza kwa mfano walileta usajili wa wanunuzi na wauzaji wa mauzo ya kwanza mwaka 2005. Jana akaja kijana mmoja sura mpya, anataka makreti manne, anasema ni ya kula nyumbani. Makreti manne! Nikamweleza taratibu, mdogo wangu, mtu wa kula nyumbani kweli anaachiwa, sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2009 yenyewe iliweka kilo 30 kwa matumizi binafsi, ila makreti manne hayo ni biashara na biashara inajisajili. Nikamwonyesha dirisha la fomu. Alikasirika akaondoka, saa mbili baadaye akarudi kujaza. Nilifurahi sana kumwona.

Kuna kreti moja la jodari nililikataa palepale, halina barafu, nyama imeshapata joto. Mwenye mali akasema watapika vizuri. Hapana. Jodari na jamaa zake wakikaa kwenye joto inatengenezeka histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kugandishwa, mlaji anavimba uso na moyo unamwenda mbio, hajui hata kimemsibu nini.

Saa tatu. Hapa ndo asubuhi ilipokuwa nzito. Chini ya kreti moja nimekuta papa watatu wa kichwa cha nyundo, wadogo, mapezi yapo. Nahodha ni mzee ninayemheshimu, akaniambia dada wameingia wavuni wenyewe, sikuwatafuta. Namwamini. Lakini papa wa kichwa cha nyundo, aina tatu kubwa, wako Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, masharti yalianza Septemba 2014, na mwaka 2022 ukoo wao wote ukaongezwa. Kiambatisho cha Pili sio marufuku ya kuuza, hapo watu wanachanganya kila siku. Maana yake ni kwamba hawavuki mpaka bila kibali, na kibali kinatoka tu kama wataalamu wa nchi wamejiridhisha kuwa kuwauza hakumalizi kizazi. Ndani ya nchi inategemea sheria ya nchi yenyewe. Ndo maana siwezi kuandika "papa" tupu kama mzee alivyotaka, maana jina hilo likishapita hapa, mapezi yatakuwa kwenye gunia fulani na hakuna atakayejua ni ya nani. Nimewaandika kwa jina lao kamili, nikawatenga, nikamwita ofisa. Mzee hakuzungumza na mi mpaka mchana, iliniuma.

Saa sita mchana. Ofisini, kulinganisha. Kitabu cha nahodha kinasema alivua nini, tamko la kushusha linasema alishusha nini, hati ya mauzo inasema nani alinunua nini, na hizi tatu lazima ziongee lugha moja. Samaki akitumbuliwa uzito unapungua kwahiyo kuna kipimo cha kuzidishia ili kurudi kwenye uzito wa samaki mzima, mtu akisahau hilo anaonekana mwizi bure. Boti moja ilishusha kilo 640 mauzo yakasema 580. Nikazidisha, nikagawa, haikai. Nikampigia nahodha, kumbe 60 ni fungu la mabaharia, wamegawana. Sawa kabisa, haki yao! Ila ingeandikwa tu kwenye tamko. Maana mlango huohuo wa "fungu la mabaharia" ndo unaotumiwa na wale wanaouza nyuma ya mnada usiku, na kilo zikishapotea hapo hakuna anayezihesabu tena. FAO wametaja makadirio ya hadi tani milioni 26 kwa mwaka za uvuvi haramu, usioripotiwa na usiodhibitiwa duniani. Sijui mwingine anasikiaje namba hiyo, mi naona makreti.

Saa tisa alasiri. Mzigo wa kwenda nje. Tangu Januari 2010 Umoja wa Ulaya hawapokei samaki wa baharini kutoka nje yao bila cheti cha kuvuliwa, na cheti hicho hakithibitishwi na wewe muuzaji wala mimi, ni mamlaka ya nchi ambayo bendera yake iko kwenye boti. Shida ni mnunuzi amechanganya samaki wa boti tano kwenye shehena moja afu anataka cheti kimoja cha boti moja, eti ndo samaki wengi wametoka hapo. Tumerudi nyuma kreti kwa kreti, lebo kwa lebo, saa mbili nzima. Lebo mbili zililowa hazisomeki, makreti hayo mawili yamebaki.

Saa kumi na mbili jioni nafunga, na mlangoni nikamkuta yule mzee wa asubuhi. Hakuja kwa habari ya papa. Anataka nakala za mauzo yake yote ya miaka mitatu, wanagawa upya haki za kuvua na kila mwenye boti ndogo lazima athibitishe amekuwa akivua nini. Nilifungua tena kompyuta. Zilikuwepo zote, kila safari na tarehe yake, kurasa 41, akazipokea kwa mikono miwili akazikunja ndani ya koti zisipate maji.

Saa nne usiku dereva wa lori kanipigia, yuko kwenye kizuizi, ofisa anataka hati ya mauzo ya kreti ya juu kabisa. Nimempigia picha nikamtumia, dakika tatu akaandika "tumepita".