Bustani ya mboga kwa mtu wa bendi: hesabu zangu za siku na maji

Mimi ni mpiga fidla wa taarabu, nakaa Tanga. Kwa kawaida tunapiga Alhamisi hadi Jumapili, na ukifika msimu wa mikoani naweza kutokuwepo nyumbani siku kumi hadi kumi na mbili mfululizo. Nyuma ya nyumba nina matuta mawili, kila moja mita 1 kwa 5. Mboga hazikatiki, na sababu kubwa ni kwamba kabla ya kupanda chochote najiuliza swali moja: kikiiva nikiwa sipo, kinaweza kunisubiri siku ngapi?

Bamia haisubiri. Tunda linafaa kuchumwa siku nne au tano tangu ua lifunge. Likipita hapo linakuwa nyuzi tupu, na mti ukishabeba matunda yaliyokomaa unapunguza kutoa mengine. Tango ni hivyo hivyo. Niliziacha zote mbili, na bamia nanunua sokoni bila kinyongo. Mchicha unasubiri kidogo: tangu kusia ni wiki tatu hadi nne, ukiuacha siku kumi zaidi unapandisha maua na majani yanadumaa. Wavumilivu hasa ni matembele, sukuma wiki, nyanya chungu, bilinganya na pilipili. Kisamvu hakina hata haja ya kukumbukwa.

Kwa hiyo tuta la kwanza ni la nyanya chungu na bilinganya, sentimita 60 mche hadi mche, na pilipili ukingoni kwa sentimita 45. Tuta la pili, nusu ni matembele, nusu ni mchicha na sukuma. Nyanya napanda mashina sita tu. Nyanya inadai mtu kila wiki, kufunga kwenye kijiti na kuondoa machipukizi, na ukichelewa kuona kantangaze, kiwavi mdogo anayekula majani kwa ndani, unarudi unakuta majani kama yamebabuliwa na moto.

Kalenda yangu ya kupanda inafuata kalenda ya kazi. Shaabani ni harusi na vunja jungu, hakuna kulala. Ramadhani bendi inapumzika. Idd tunatoka tena. Ukihesabu haraka utasema basi sia mbegu mwezi mosi wa Ramadhani, miche itakuwa tayari Idd. Hesabu hiyo inaua miche. Mche uliohamishwa unataka maji kila siku kwa siku saba hadi kumi za mwanzo, wakati mizizi inashika, na hizo ndizo siku unazopakia vyombo kwenye gari. Mimi nasia Shaabani, tarehe 20 hadi 22, nahamishia tutani jioni ya mwezi 18 au 19 wa Ramadhani, nikibaki na siku kumi za kuilea. Mwaka 2026 Ramadhani iliangukia Februari na Machi, miche ikashika kabla ya masika. Lakini mwezi unarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na miaka michache ijayo kuhamisha huko kutakuwa katikati ya jua kali la Januari. Hapo itabidi kivuli cha makuti kwa wiki nzima.

Kitalu ni beseni kuukuu lililotobolewa chini. Mistari ya mbegu iachane sentimita 10, na maji yasimwagwe juu: natumbukiza beseni kwenye sinia la maji kwa dakika 20, udongo unanyonya kutoka chini, halafu nalitoa lichuruzike. Miche iliyobanana na kuloweshwa juu kila mara inashikwa na kinyausi. Shina linakuwa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo, na asubuhi mche umelala. Hakuna dawa ya kuunyanyua.

Sasa maji. Kiangazi huku pwani mita moja ya mraba ya mboga inataka kama lita 5 kwa siku, yaani lita 50 kwa matuta yangu yote. Kwa matandazo mazito na umwagiliaji wa matone, yaani mpira wenye matundu madogo uliolazwa tutani, nimeishusha hadi lita 30. Mapipa mawili ya lita 200 yaliyounganishwa yananipa siku 13. Yamekaa juu ya matofali, kitako chake mita 1 kutoka ardhini, yamefunikwa na kupakwa rangi nyeusi. Pipa linalopitisha mwanga linaota ukoga wa kijani, na ukoga ndio unaoziba matundu.

Kosa la gharama liko kwenye taima, kifaa kinachofungua na kufunga maji kwa saa uliyopanga. Taima nyingi za betri zinafunguliwa kwa sumaku na zimetengenezwa kwa presha ya bomba la mtaani. Pipa lililoinuliwa mita 1 linatoa baa 0.1 tu, na taima ya aina hiyo inalia "tiki" vizuri kabisa bila kupitisha maji. Tafuta ile yenye koki ya gololi inayozungushwa na mota ndogo. Hiyo haijali presha. Ifungie chujio upande maji yanapoingilia, kisha uijaribu siku tatu ukiwa nyumbani. Jaribio ni rahisi: weka kikombe chini ya tundu la kwanza la mpira na kingine chini ya la mwisho, nusu saa. Kikombe cha mwisho kikipata chini ya theluthi mbili ya cha kwanza, kuna kuziba au tuta limeinama. Maji ya visima vyetu yana chumvi, kwa hiyo kila wiki mbili nafungua ncha ya mpira maji yasukume uchafu, na tundu lenye ukoko mweupe nalilowesha kwa siki.

Chini ya mstari wa mimea kuna makumbi ya nazi. Yaloweke siku nzima, yafukie kina cha sentimita 20 hadi 25, upande wenye shimo ukiangalia juu, kama vikombe. Juu ya tuta ni nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa sentimita 6 hadi 8, lakini ziache upana wa kiganja kuzunguka shina. Nyasi zikigusa shina unawaalika mchwa.

Jirani yangu anachuma mchicha na matembele kama vyake. Hayo ndiyo malipo. Sharti ni mchicha ukatwe sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, using'olewe. Kazi yake ni kuangalia mambo mawili tu: maji kwenye pipa, na upande wa chini wa majani ya nyanya. Nimemwomba asimwagilie. Huruma ya ndoo ya maji saa saba mchana juu ya tuta lililokwisha kunyeshwa kwa matone inaleta kuoza kwa mizizi.

Vidole navyo vina hesabu yake. Udongo mbichi unalainisha sugu za vidole vya kushoto, na kamba zinauma usiku ule ule, kwa hiyo siku ya shoo sigusi tuta bila glovu. Pilipili nachuma siku moja kabla. Ukali wake hautoki kwa maji. Paka mafuta ya kupikia kwanza, ndipo sabuni. Waimbaji wetu wanaopaka wanja wanalijua hili vizuri kuliko mimi. Wao pia wajihadhari na samadi kavu ya kuku: vumbi lake linakwaruza koo, basi iloweshwe kabla ya kusambazwa na mtu avae barakoa.

Ukirudi ukakuta pipa limekauka na nyanya zimenywea, usizimwagie ndoo nzima kwa hasira ya kuchelewa. Tunda lililozoea ukame likipata maji ghafla linapasuka ngozi. Lita 1 kwa shina jioni, lita 1 asubuhi yake, siku ya tatu rudisha kawaida. Mchicha uliopandisha maua kata wote, ubakize mashina mawili manene ya mbegu.