Siku moja na mdandiaji wa daladala

Saa moja na nusu asubuhi. Nje bado giza. Januari ya Ujerumani haina haraka. Natoa mizizi ya rai, nafaka ndugu ya ngano, kwenye maji ya barafu ilikolala saa 24. Baridi hiyo huvunja nyuzi zinazovuta kromosomu, vifurushi vya DNA vinavyobeba urithi, hivyo seli hukwama katikati ya kugawanyika, kromosomu zikiwa zimejikunja, zinahesabika. Naitumbukiza kwenye alkoholi na asidi ya asetiki, tatu kwa moja.

Saa tatu. Kuponda ncha za mizizi chini ya kioo kwa kidole gumba. Kioo kikiteleza kidogo tu, kwisha habari. Nimeharibu slaidi nne kati ya tisa. Mikono hii ni ya kusukuma chapati.

Saa sita na nusu. Mkate mweusi, mchachu, wa rai hiyohiyo. Mama anapiga simu.

"Bado unahesabu wadudu wako, mwanangu?"

"Si wadudu, mama. Kromosomu."

Rai ina kromosomu 14. Baadhi ya mimea ya rai huwa na za ziada, ziitwazo B, hata kufikia 8. Mmea hauzihitaji, na zikizidi, mbegu hupungua. Basi mbona hazitoweki? Nikamwambia ni kama mdandiaji wa daladala: kapanda mmoja, wanashuka wawili.

"Na konda yuko wapi?"

Hata kwenye semina sijaulizwa swali zuri hivyo.

Saa nane. Chumba cha hadubini, taa zimezimwa. Ujanja wa B uko kwenye ncha ya mkono wake mrefu, palipojaa DNA inayojirudiarudia: mifuatano ya D1100 na E3900, huu wa pili wa herufi kama 3,900. Nimeipaka D1100 rangi nyekundu. Chavua changa inapogawanyika mara ya kwanza, nusu mbili za B hazitaki kuachana. Aghalabu huenda zote kwenye kiini kitakachozaa mbegu za kiume. B iliyopoteza ncha hiyo, ikiwa peke yake, hugawanyika kistaarabu kama kromosomu nyingine. Na mifuatano hiyo hunakiliwa kwa wingi kwenye chavulio, sehemu ya ua inayotengeneza chavua, palepale hila inapofanyika.

Chavua moja, viini viwili. Kimoja kina nukta mbili nyekundu, cha jirani hakina hata moja. Nimeshaona mara nyingi, bado nikajikuta nasema "Ala!" gizani peke yangu.

Saa kumi na moja jioni. Slaidi za kesho zinaingia kwenye joto la nyuzi 37, zilale humo hadi asubuhi. Nageuza ya mwisho: sikuiandika namba. Narudi kutafuta penseli.