Siku moja maishani mwangu: Leicester, kesho yake baada ya uchaguzi

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao hapa Leicester. Ninayoyasimulia ni ya Ijumaa, tarehe 5 Julai 2024, siku moja baada ya uchaguzi mkuu wa Uingereza. Nayaandika kwa ajili ya wenzangu tulio huku na ambao wengi wetu hatujiandikishi kupiga kura. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi hapa anapiga kura kama Mwingereza. Mimi nilipiga, na kitambulisho changu kilikuwa pasipoti ya Tanzania.

Saa 12 asubuhi

Nafungua redio huku napiga pasi sare. Chama cha Labour kilichokuwa upinzani kimeshinda nchi nzima, ila jimboni kwetu, Leicester Mashariki, ambako wamekalia kiti tangu 1987, wamekipoteza. Ndicho kiti pekee ambacho Conservative, chama kilichokuwa kinatawala, wamekinyang'anya chama kingine usiku kucha. Shivani Raja wa Conservative kapata kura 14,526, Rajesh Agrawal wa Labour 10,100. Waliobaki wamegawana: Liberal Democrats wana fungu lao, na wabunge wawili wa zamani wa Labour, Claudia Webbe na Keith Vaz, wamegombea kila mtu kivyake. Mshindi ana takriban asilimia 31. Yaani kati ya kila wapiga kura 10, karibu 7 walimtaka mwingine. Hakuiba kitu, kashinda kwa sheria iliyopo. Ninayoipinga ni hiyo sheria, kwamba anayemzidi kila mwenzake kwa kura anachukua kiti, hata akiwa hana nusu. Ninachotaka ni uwiano: chama kipate viti kwa kadiri ya kura zake.

Saa 1:15

Mzee wangu wa kwanza ni mzaliwa wa Kisumu, Mhindi, alikuja 1968 wakati Bunge la Uingereza lilipokuwa linafunga mlango kwa Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Kiingereza. Tukiwa wawili tunaongea Kiswahili. Kazi inayochukua muda kwake ni soksi za kubana miguu: unaigeuza ndani-nje mpaka kisigino, unaingiza vidole, kisha unaipandisha taratibu ukilaza mikunjo, maana ngozi yake ni nyembamba na huchubuka upesi. Ndipo siasa inapoingia.

"Mbunge awe mmoja, mama," ananiambia. "Nikiwa na shida ya nyumba, najua naenda kwa nani."

Hoja hiyo naiheshimu. Nikamwambia Scotland wamelimaliza jambo hilo tangu 1999: mtu ana mbunge wake wa jimbo katika Bunge la Edinburgh, halafu vipo viti vya mikoa vinavyogawiwa kusahihisha hesabu ili vyama visipishane mno na kura zao. Mtu wa kumwendea bado yupo. Mzee akaguna, akaomba chai.

Saa 4:40

Niko kwa Bibi aliyefukuzwa Kampala na Idi Amin mwaka 1972, mwaka ambao Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba Wahindi wasije huku. Televisheni iko wazi, Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa Conservative aliyeshindwa, anaaga mbele ya Namba 10, ofisi ya Waziri Mkuu. Baba yake kazaliwa Kenya, mama yake Tanganyika. Bibi hakumpigia kura, lakini ameacha kula mpaka amalize kuongea. "Mtoto wa kwetu," anasema.

Halafu ananikumbusha kwamba 2011 wananchi waliulizwa juu ya kubadili upigaji kura, wakakataa, naye akiwemo. Ni kweli, asilimia 68 walisema hapana. Lakini waliojitokeza walikuwa asilimia 42, na walichoulizwa ni kuwapanga wagombea 1, 2, 3 ndani ya jimbo lilelile. Utaratibu huo ungetufaa jimboni kwetu, ambako kura ziligawanyika. Viti vya nchi nzima kulingana na kura havikuulizwa kabisa.

Saa 6:40 mchana

Ndani ya gari, mkate mkononi, namsikiliza Keir Starmer wa Labour akihutubia kama Waziri Mkuu mpya.

Hesabu zilipokamilika zilikuwa hivi: Labour asilimia 34 ya kura, viti 411 kati ya 650. Kila mbunge wao aligharimu takriban kura 23,600. Reform UK, chama kinachotaka wahamiaji wapunguzwe, walipata kura zaidi ya milioni 4 na viti 5, maana yake kura zaidi ya 820,000 kwa kila kiti.

Chama hicho hakinipendi, na mimi sikipendi. Sera zake juu ya wahamiaji zinanigusa mimi na watoto wangu. Hata hivyo watu milioni 4 wana haki ya kuhesabiwa, na nikidai haki hiyo kwa ninaowapenda tu, nitakuwa sidai haki. Nawaogopa zaidi wakiwa nje ya Bunge wakiamini wameonewa, hasa wakiwa wameonewa kweli.

Saa 9 alasiri

Kwenye kundi letu la WhatsApp dada mmoja kauliza uwiano ni kitu gani. Nikamjibu: viti maalumu vya wanawake nyumbani vinagawiwaje? Chama kikifikisha asilimia 5 ya kura za ubunge, kinapata viti hivyo kwa kadiri ya kura zake. Basi ni hivyo, ila kwa Bunge zima. Akaelewa mara moja. Mengine tuliyarithi kwa Mwingereza: mbunge wa jimbo, Dar au Leicester, anapita akiwazidi wenzake kura tu, hata bila nusu.

Saa 2 usiku

Wazee wa zamu ya jioni nimemaliza kuwalaza. Nimekaa mezani kumwandikia mbunge mpya barua, kwa adabu, nikimpongeza na kumuuliza kama anaridhika kuchaguliwa na chini ya theluthi moja. Nyingine nawaandikia Labour. Mkutano wao mkuu wa 2022 ulipitisha azimio la kutaka uwiano, lakini ilani ya 2024 iliahidi kura kwa wenye miaka 16 na suala hilo haikuligusa. Nawauliza hao vijana wa miaka 16 watapewa kura ya namna gani: inayohesabiwa, au kama ya wale 7 kati ya 10 jimboni kwangu?