Kaye ya baba mkubwa

Mwaka 2023 baba mkubwa alinipa kaye, yaani daftari, mpya akaniambia, "Wewe uliyesoma hesabu, andika kila franka." Alikuwa anagombea udepite wa provense, yaani ubunge wa jimbo, hapa Lubumbashi, Haut-Katanga, Kongo. Kampeni ya provense ilifunguliwa tarehe 4 Desemba, kura ikawa tarehe 20 Desemba. Wiki mbili tu, tena za mvua.

Upande wa feza zilizoingia haukujaza hata kurasa mbili. Gari aliyoiuza, ndugu wa Kolwezi, na mfanyabiashara mmoja wa madini aliyekataa nimwandike jina. Huyo hakuhitaji risiti: madepite wa provense ndio wanaochagua gavana na maseneta, alijua anachokitafuta. Mama mdogo, anayeuza makala (mkaa) mtaa wa Katuba, alileta noti ya dola ishirini aliyoifunga kwenye pindo la kitenge.

Zilizotoka, sasa! Dhamana ya CENI, tume ya uchaguzi, ambayo hairudi hata ukishinda. Flana, mabango ya kitambaa, mafuta ya pikipiki. Bia, ambayo baba mkubwa alitaka niiandike "maji ya vijana". Lakini kilichotumaliza ni "transipoti", pesa ya nauli wanayoingoja waliokuja mkutanoni. Unaita mkutano komini ya Kenya (mtaa wa hapa, si nchi), watu wanapiga makofi vizuri, halafu hawaondoki. Wanakutazama. Wengine nilikuwa nimewaona asubuhi ileile komini ya Kampemba, wamevaa flana ya mpinzani.

Siku hiyo mwenye muziki aliinua noti ya mama mdogo juani. Ilikuwa na mpasuko pembeni, haufiki ukubwa wa ukucha. "Hii haipiti." Nikalipa kwa nyingine.

Mdogo wangu aliyeko Ohio, Marekani, aliniuliza nitaipeleka wapi hiyo kaye. Kule, anasema, anayegombea bunge la jimbo lazima atoe ripoti ya waliomchangia na kiasi walichotoa, na yeyote anaweza kuisoma. Nilicheka. Yangu hajaifungua mtu, hata baba mkubwa mwenyewe. Wiki ya pili alishaanza kugawa kutoka mfukoni bila kuniambia, nikawa naandika "b.m." na kuacha nafasi ya kiasi. Nafasi hizo bado ziko wazi.

Hakupita. Wanaomdai wanakuja Jumapili, saa ya bukari (ugali), ili wamkute mezani. Mama mdogo hajadai kitu. Aliniuliza mara moja tu kama noti yake ilisaidia. Nilimwambia ililipia muziki. Imo ndani ya kaye hadi leo, kwenye ukurasa huohuo wa muziki.