Gunia la kahawa kwenye taya za mashine

Gereji za Arusha zinazotengeneza magari ya safari hutumia faiba ya kioo kwa vitu vingi: paa linalonyanyuka, boksi la vifaa, paneli za ndani ya milango. Masika ya mwaka 2017 fundi wa gereji moja ya mtaa wa Unga Limited alileta maabara tulikokuwa tukifanya kazi paneli mbili alizozitengeneza mwenyewe. Moja ilikuwa ya katani mpya, nyingine ya magunia ya kahawa yaliyochakaa aliyoyanunua Moshi. Rezini, yaani gundi ya maji inayoganda na kushika nyuzi, ilikuwa ileile ya poliesta anayotumia kwa faiba. Alitaka jibu la maandishi: paneli za milango zinaweza kuachana na faiba ya kioo au haziwezi?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Sentimita moja ya ujazo ya kioo ina uzito wa gramu 2.5 hivi, ya katani gramu 1.45. Lakini unyuzi wa kioo hubeba zaidi ya megapaskali 2,000 (kipimo cha mzigo kwa eneo) kabla ya kukatika, wa katani mara nyingi kati ya 400 na 700. Kwa nguvu tupu katani haishindani na kioo. Kinachotafutwa ni kama inatosha kwa kazi yake, na kama itatosha kila paneli inapotengenezwa.

Vipande alivyokuja navyo vilikatwa kwa msumeno wa mbao, kingo zikabaki na mapengo na manyuzi yaliyochomoza. Pengo dogo ukingoni ndipo ufa unapoanzia, kwa hiyo kipande hukatika mapema na lawama huiangukia katani bure. Vilivutwa hivyohivyo kwenye mashine ya kuvuta, ambayo taya zake hushika kipande ncha mbili na kukivuta hadi kikatike, ili aone kwa macho yake. Kimoja baada ya kingine vikakatikia ndani ya taya au kwenye mdomo wake.

“Injinia, namba si hiyo hapo kwenye skrini? Tuiandike tu.”

“Hiyo ni namba ya taya, Fundi. Angalia kimekatikia wapi.”

Taya za chuma zina meno. Ukizikaza sana zinaponda rezini, ukizilegeza kipande kinateleza na mchoro wa mzigo unakuwa wa ngazi ngazi. Dawa yake ni kubandika vibao vya faiba kwa epoksi kwenye ncha za kipande, pande zote mbili, au angalau kuweka msasa kati ya taya na kipande, upande wa mchanga ukitazama kipande. Halafu kipande kisimame wima kabisa kati ya taya za juu na za chini. Kikiinama kidogo tu, upande mmoja unavutwa kuliko mwingine, na hapo umepima mpindo bila kujijua. Kiwango cha ASTM D3039, cha kupima mvutano wa vifaa vya nyuzi na rezini, kinataka namna ya kukatika iandikwe kwa kila kipande: umbo la mkato, sehemu, na mahali. Safu hiyo ya jedwali ndiyo watu wengi huiacha wazi, nami naiona ina thamani kuliko safu ya megapaskali.

Ikabidi bapa za kukatia vipande vya kupima zimiminwe upya. Katani iliyokaa hewani wakati wa masika hubeba maji yanayofikia asilimia 10 ya uzito wake. Rezini inapopata joto la kukauka, maji hayo yanageuka mvuke na kuacha mapovu. Nyuzi zilikaa kwenye oveni kwa nyuzijoto 80 saa 24, zikapimwa uzito zikiwa bado za moto, zikaenda moja kwa moja kwenye kalibu, yaani umbo la kumiminia bapa. Kuzianika mezani usiku mmoja ni kurudisha maji yote. Hadina, dawa ya kugandisha rezini, ilikuwa asilimia 1.5 ya rezini, yaani gramu 6 kwa gramu 400. Rezini isiyo na kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) ndani yake huwekewa kobalti kwanza, ikorogwe hadi rangi iwe moja, ndipo hadina ifuate. Kobalti na hadina zisikutane peke yake hata tone, kwa maana mchanganyiko huo hulipuka.

Kwa faiba ya kioo, kujua kiasi cha nyuzi ni rahisi: unachoma kipande kwenye tanuri, rezini inaondoka, kioo kinabaki, unakipima. Katani ingeungua pamoja na rezini, hivyo hesabu lazima ianze kabla ya kumimina. Mfano ni huu. Bapa la milimita 300 kwa 300, unene 3, lina ujazo wa sentimita za ujazo 270. Nyuzi kavu zilizoingia ni gramu 78, bapa lililokauka ni gramu 324, basi rezini ni gramu 246. Gawa 78 kwa 1.45 upate 53.8, gawa 246 kwa 1.2, gramu za sentimita moja ya ujazo ya rezini, upate 205. Jumla ni 258.8. Sentimita 11.2 zilizopungua ni hewa, kama asilimia 4 ya bapa. Hewa ikizidi hapo, rudi kwenye kalibu na rola kabla hujagusa mashine ya kuvuta.

Vipande vipya vya katani vilikatikia katikati, inavyotakiwa. Vya gunia navyo vilikatikia katikati, ila kwa mzigo mdogo zaidi, na hapo ndipo kioo cha kukuzia kilipofanya kazi kuliko kompyuta. Uso wa mkato wa katani ulikuwa na visiki vifupi vilivyoshikwa na chembe za rezini. Uso wa gunia ulikuwa kama brashi: nyuzi ndefu, safi, zinang’aa, na upande wa pili matundu matupu yenye kuta laini. Nyuzi zilichomoka zima zima bila kukatika. Rezini haikuwa imezishika.

Sababu iko kiwandani. Juti, unyuzi wa magunia hayo, hulainishwa kwa mafuta kabla ya kusokotwa, na mafuta hayo yanabaki kwenye gunia. Magunia ya chakula hutumia mafuta ya mimea, na hiyo ni bahati, kwa kuwa kostiki soda huyageuza sabuni. Magunia yalifumuliwa, yakalowekwa kwenye maji yenye gramu 50 za kostiki soda kwa kila lita (soda ndiyo itiwe kwenye maji taratibu, kamwe si maji kwenye soda), yakasuuzwa mara nyingi, mara ya mwisho kwa maji yenye siki kidogo, kisha oveni. Ukizidisha soda, unyuzi wenyewe unadhoofika.

Mshiko una hesabu yake. Chukua unyuzi wa katani wenye kipenyo cha milimita 0.2 na nguvu ya megapaskali 500. Rezini ikiushika kwa megapaskali 5, unahitaji urefu wa milimita 10 ili ukatike badala ya kuchomoka. Mshiko ukifika 10, milimita 5 zinatosha. Nyuzi za gunia hukatika ovyo wakati wa kufumua, na nyingine hubaki zimesokotwa, rezini isifike katikati ya uzi. Ndiyo maana kusafisha mafuta kuliongeza nguvu, na bado gunia halikufikia katani mpya.

Kwa paneli ya mlango, hata hivyo, mpindo una maana kuliko mvutano. Hapa unene ndio mtego. Kipande cha milimita 3 kilazwe juu ya nguzo zilizoachana milimita 48, yaani mara 16 ya unene, kikandamizwe katikati kwa mwendo wa milimita 1.3 kwa dakika. Unene huingia kwenye hesabu ya nguvu ukiwa na kipeo cha pili, na kwenye ukakamavu kipeo cha tatu. Ukiandika 3.2 badala ya 3.0, nguvu inakosea kwa asilimia 12 hivi na ukakamavu kwa karibu 18. Pima kwa maikromita, sehemu tatu, kila kipande.

Kwenye pigo la nyundo, gunia lisilosafishwa lilijitetea vizuri. Kila unyuzi unaochomoka unakula nguvu ya pigo, kipande kikapasuka bila kutawanyika. Fundi alikipenda kuliko vyote, na hakukosea, kwani mlango wa gari la safari hupigwa magoti na mabegi kutwa nzima.

Ripoti ikaruhusu paneli za milango: katani mpya pande za nje, gunia lililosafishwa katikati, ambako mpindo haubebi mzigo mkubwa. Paa likabaki la faiba ya kioo, kwa sababu ya upepo, jua na mvua kwa pamoja. Sharti moja lilipigiwa mstari: kila ukingo uliokatwa na kila tundu la skrubu vipakwe rezini baada ya kutoboa, kwa kuwa maji huingilia kwenye ncha za nyuzi zilizo wazi, yakifuata unyuzi hadi ndani, na paneli huvimba kuanzia kwenye skrubu.