Siku moja maishani mwangu: mchuna kulungu wa Wisconsin

Saa kumi na nusu alfajiri simu inalia, na kabla ya kushika kitu kingine nafungua dirisha nipime hewa. Ni Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, na nje mtu anaweza kusimama na fulana tu. Majirani watafurahia. Mimi najua kwamba kila kulungu aliyepigwa jana jioni akalazwa nyuma ya gari mpaka asubuhi ameshaanza kunuka, na baadhi yao wako njiani kuja kwangu.

Kazi yangu ni kuchuna na kukata kulungu wa wawindaji, kusini mwa Wisconsin, Marekani. Nyumbani nikisema nafanya kazi "na wanyama" wanadhani mimi daktari wa mifugo, na sina haraka ya kuwasahihisha. Baba alikuwa na bucha ya mbuzi Voi, kisu nilikijua kabla ya kalamu. Lakini Voi imezungukwa na Tsavo, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo nilikua nikiwaona swala wakipita na hakuna hata mmoja aliyewahi kulazwa kwenye gogo la baba. Huku serikali yenyewe inaniuzia leseni, na juu yake inanipa kibali cha kupiga jike. Miaka sita sasa, na bado kibali hicho hukisoma mara mbili.

(Kulungu si jina lake hasa. Kulungu wa kwetu hukaa na pembe zake maisha yote. Huyu wa mkia mweupe huzidondosha kila mwaka na kuotesha nyingine. Waliolelewa kanisani wamjue kama ayala. Sisi Waswahili wa huku tunasema kulungu, basi.)

Saa kumi na mbili niko kazini, na kufikia saa nne nimechuna watano. Unamning'iniza kwa miguu ya nyuma, unavuta ngozi chini kama unamvua mtu koti lililolowa, unatoa minofu kwenye mfupa. Msumeno hatugusi. Mwaka 2002 huku Wisconsin uligunduliwa ugonjwa unaowala kulungu ubongo na kuwakondesha mpaka wafe. Haijathibitishwa kwamba umewahi kumpata binadamu, lakini uti wa mgongo na ubongo tunavikalia mbali, na wateja wengi hupeleka kichwa kikapimwe.

Wa sita aliletwa na bibi mmoja wa miaka sabini na kitu. Jike mkubwa, kapigwa asubuhi ile ile, kapasuliwa papo hapo, tumboni mifuko mitatu ya barafu. Nilitamani kumpigia saluti.

Saa tano na robo akaja mteja wa kilo kumi.

Alikuwa amemleta kulungu wake Jumatatu, akaja kuchukua nyama. Nikamtolea boksi. Akaliinua, akaliweka, akaliinua tena.

"Rafiki, hii ni nini?"

Huku mtu akikuita rafiki na mikono yote miwili iko juu ya kaunta, jiandae.

"Ni kulungu wako."

"Nilileta kulungu mzima. Hiyo nusu nyingine mmeipeleka wapi?"

Hili ndilo neno ambalo kila mkata nyama wa huku amelisikia: mmeniibia. Kwanza, nyama ya kulungu wa porini sheria hairuhusu kuiuza. Mteja anatulipa kazi ya mikono tu, kwa hiyo niibe nikamuuzie nani? Pili, tunaandika uzito kila anapoingia. Nikamtolea karatasi: kilo 24, tayari hana matumbo. Toa kichwa, ngozi, kwato, mifupa. Toa mkono mmoja, maana mshale ulipita begani na nyama yote pale ikawa damu iliyoganda. Toa mafuta, kwa sababu mafuta ya kulungu yakipoa mdomoni ni kama umetafuna mshumaa. Zinabaki kilo 10 na gramu kidogo.

"Jike mzima hatoi kilo kumi tu," akasema.

Hapo alisema kweli. Jike mzima aliyenona hunipa kama kilo 20. Lakini kichwa cha kulungu wake kilikuwa bado chumba cha baridi kikisubiri kupelekwa kupimwa, nikakileta, nikamwomba avue glavu apapase juu ya macho. Akapapasa. Vifundo viwili chini ya ngozi, kila kimoja kama punje ya hindi.

Pembe zinazoanza kuota. Alikuwa dume. Wa miezi minne.

Kibaya ni kwamba mteja hakuvunja sheria yoyote. Pembe zisizofika inchi 3 huhesabiwa hazipo, kwa hiyo kibali cha jike kinamfunika. Nikamuuliza kulungu alikuja vipi. Peke yake, akasema, mapema, jua bado lipo, moja kwa moja uwanjani. Ndivyo wanavyokuja. Jike mzima ana shingo ndefu na uso mrefu, na mwanzo wa msimu ni nadra umkute peke yake. Anakuja na watoto, na dada zake, anasimama ukingoni anakutafuta kwa pua. Anayetoka wa kwanza bila wasiwasi ni kijana. Na akiwa peke yake hakuna wa kumlinganisha naye, kwa hiyo machoni pa mtu mwenye hamu ya nyama anakuwa mkubwa kama ng'ombe.

Nilidhani yameisha. Akaomba apunguziwe bei, kwa kuwa nyama ni kidogo. Ndugu zangu, ngozi ya mtoto na ya mkubwa zinachunwa kwa kisu kile kile. Bosi akaja, wakavutana dakika arobaini, foleni nyuma yake imefika mlangoni, na mwisho bosi akampa soseji mbili za bure aondoke. Soseji zile nilizitengeneza mimi.

Mama alipiga simu saa sita, kwake saa mbili usiku, akauliza kama nimekula. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa sijala.

Baada ya hapo saa sikuitazama. Nilichuna, nikasaga, nikachanganya mafuta ya nguruwe kwenye nyama ya soseji kwa sababu ya kulungu ni kavu mno, nikachuna tena. Wateja wanabishana palepale kaunta mwaka hadi mwaka: jike umpige mapema au umwache? Mmoja anasema mwache, Novemba, msimu wa kupandana, atakuletea madume. Mwingine anasema mpige sasa, watoto wameshaacha kunyonya, na midomo ipungue kabla ya theluji. Wote wana hoja. Mimi nauliza kitu kimoja tu, nacho hakuna anayekitaja: barafu iko wapi?

Wa kumi na moja alipoisha nikaenda shamba la bosi, ana msitu mdogo wa mialoni na ameniruhusu kuwinda. Nikapanda mtini na upinde wangu wa kifyatulio, nikajifunga mkanda, nikakaa. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa uchovu, si kwa msisimko.

Jua linakaribia kuzama akatoka. Jike, shingo ndefu, uso mrefu, na watoto wawili nyuma yake, madoa yameshafutika. Mita ishirini, ubavu wazi. Kwenye friza yetu kuna samaki na mkate.

Nikatoa kizuizi cha upinde. Nikahesabu. Nusu saa ya kusubiri kabla ya kufuata damu. Tochi. Kumburuta mpaka kwenye gari. Kumpasua, kurudi kazini, kumtundika, kumchuna, maana kwa joto lile hawezi kulazwa mpaka asubuhi. Kazi ya masaa manne, kama amekufa karibu. Nikarudisha kizuizi.

Mama watoto baadaye alisema nilimhurumia yule jike. Hapana. Nilihurumia mgongo wangu.

Na yeye hakunihurumia. Alikaa chini ya mti wangu akitafuna mbegu za mwaloni, na ukishuka mbele yake anakariri mti huo asirudi tena. Giza likaingia, mbu wakaja, kibofu kimejaa, yeye anakula. Dakika arobaini, sawa na yule wa kilo kumi.

Nilipofika kwenye gari kulikuwa na ujumbe wa bosi. Wameletwa wanne, nije saa kumi na moja. Mmoja mdogo sana, mwenyewe anasema ni jike.

Nikamjibu ampapase kichwa kabla ya kuandika risiti.