Elfu Tano za Koko

Jumanne jioni, nilipokuwa nikifunga hesabu za kabini yangu hapa Majengo, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, fedha zilizokuwa sandukuni zilizidi zile nilizoandika daftarini kwa faranga 5,000. Anayefanya kazi hii ya kutuma na kutoa pesa kwa simu anajua kwamba ziada ya sandukuni ni pungufu mkononi mwa mtu fulani, nami nilimjua mtu huyo mara moja.

Nimejiwekea desturi ya kusali Malaika wa Bwana kila siku saa sita mchana, kimoyomoyo, nikiwa nimeketi palepale kabinini. Siku hiyo nilikuwa nimefika mahali pasemapo kwamba Neno alitwaa mwili akakaa kwetu, na hapo simu ikalia: mtu alikuwa ametuma sauti katika kikundi chetu, akisema kwamba milio ya risasi imesikika upande wa Sake, mji mdogo ulio magharibi mwa Goma. Niliiacha sala njiani, nikaweka simu sikioni. Wakati huohuo alifika mama mzee ambaye mtaa mzima humwita Koko, kuchukua faranga 50,000 alizotumiwa na mwanawe aliyeko Lubumbashi. Alinisalimia, nikaitikia bila kuinua macho. Nilizihesabu noti za elfu tano tano, zile chakavu zilizoungwa kwa gundi ya karatasi ambazo ndizo zilizobaki mjini kwetu, kidole gumba kikifanya kazi yake na sikio likiwa Sake. Naye, kama afanyavyo siku zote, alizikunja bila kuzihesabu, akazifunga katika pindo la kitenge chake, akanishukuru, akaenda zake.

Tangu jioni ile sijaacha kufikiri juu ya mahali ambapo sala yangu ilikatikia. Nilikuwa nikitamka kwamba Mungu alitwaa mwili, na mtu mwenye mwili, mwenye miguu inayomuuma, alikuwa amesimama mbele yangu, nami sikumtazama.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikililaumu jiji hili. Hata katika kitubio nimemwambia padri mara nyingi kwamba siwezi kutulia mbele za Mungu kwa sababu ya jenereta za majirani, vipaza sauti vya makanisa yanayokesha, pikipiki, na wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanaopiga kelele ili wapishwe njia. Niliwahi kwenda kufanya mafungo ya siku mbili kwa masista, karibu na ziwa, mahali ambapo husikii ila ndege na maji. Simu niliizima, hata hivyo mkono wangu uliendelea kuingia mfukoni kuitafuta, na moyo ukaendelea kujitengenezea makelele yake. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba siku mbili hazikutosha.

Sasa naona nilikuwa nimeisoma vibaya Zaburi ya 46. Mstari ule unaotuamuru tutulie na kujua kwamba Mungu ndiye Mungu, ambao huwa tunauandika kwenye kadi zenye picha za maua, umo katika zaburi inayoanza kwa nchi kubadilika, milima kutetemeka na maji kuvuma. Sisi watu wa Goma tulipaswa kuielewa zaburi hiyo kuliko wengine. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste, tulikuwa tukijiandaa kwa sikukuu ya ndimi za moto wakati anga juu ya Nyiragongo, volkano yetu, lilipogeuka jekundu. Tulitoka na magodoro kichwani, tusijue kwamba lava ingesimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Usiku ule watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Mama yangu alitembea akisali rozari kwa sauti, na kila tulipofika njia panda alisimama akatuhesabu wote, mmoja mmoja kwa jina, kisha akaendelea na fumbo lilelile pale alipoliachia. Kwake kusali na kutuangalia lilikuwa jambo moja, na wala hakungoja kimya kwanza.

Sisemi kwamba habari ni dhambi. Tangu vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025 na benki zikafungwa, mtu asiyeuliza habari anaweza kujikuta katika njia mbaya, na mimi mwenyewe ninaishi kwa simu. Siwezi kuitupa ziwani. Lakini kuuliza ili ujue upite wapi ni tofauti na kuzisikiliza sauti kumi za mambo yaleyale kwa sababu hofu ina kiu. Jumanne sikuwa na safari ya Sake. Nilikuwa nikiilisha hofu, na aliyelipia chakula hicho ni Koko. Martha wa Injili naye hakukemewa na Yesu kwa kuwa alipika; aliambiwa kwamba anasumbuka na kufadhaika.

Ninamfikiria pia Floribert Bwana Chui, kijana wa mji wetu aliyetangazwa mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Alikuwa mpakani akikagua bidhaa, akakataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite, akauawa mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Sidhani mpaka wetu ulikuwa na utulivu wowote, na malori yake na watu wake wa kushinikiza. Hata hivyo, katikati ya hayo, aliweza kuwaona watu ambao hawakuwepo, wale ambao wangekula chakula kile.

Jumatano asubuhi, kabla ya kufungua, nilishuka ule uchochoro wa mawe ya lava mpaka kwa Koko. Nilimkuta akichambua maharage kwenye ungo. Nilimweleza yote, hata ile sauti ya Sake, nikamwekea noti mkononi. Alinyamaza kidogo.

“Mwanangu, nilijua pesa hazikutimia,” akasema. “Nilifikiri mtoto amepunguza kwa kuwa maisha ya kule yamemshinda. Nimemwombea usiku kucha.”

“Hapana, Koko. Alituma zote.”

Akaishika ile noti kwa mikono miwili, kisha akaniomba simu yangu ili ampigie. Nilitafuta namba, nikampa, nikauvuta ungo mapajani mwangu. Aliongea naye muda mrefu, akicheka, akimwita kwa jina lake la utotoni, nami nikaendelea kuchambua maharage, nikitoa vijiwe vyeusi kimoja kimoja.